Mate Juu ya Uso wa Kaisari

Sarafu ya fedha iliyokaa mdomoni mwa mtu mzee ina harufu yake, na miaka yote hii sijapata sabuni ya kuiondoa puani mwangu. Ni harufu ya chuma na mate yaliyolala, ya meno ya bandia yaliyosahauliwa kwenye glasi, ya peremende ya mnanaa iliyoyeyuka nusu ikanata kwenye kitambaa. Ilitupokea mlangoni kabla hata Mama hajamaliza kusalimia, katika nyumba moja ya matofali huko Stafford ambako kiyoyozi kilivuma mchana kutwa na mapazia hayakufunguliwa kamwe. Nje jua la Houston lililainisha lami. Ndani kulikuwa na baridi ya chumba cha kuhifadhia nyama, na katikati ya baridi hiyo alikaa Mzee Dale kwenye kiti chake cha ngozi, shavu moja limetuna, akimfyonza Kaisari.

Nilikuwa na miaka kumi na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya kiangazi. Sisi ni watu wa Kongo, upande wa Fizi, na tulikuwa hatujakaa sana Marekani tangu tutoke kambini Tanzania. Tulipangishiwa mtaa wa Gulfton, kwenye majengo yaliyobanana ambako ukipika sombe, yaani kisamvu, jengo zima linajua. Baba alibeba maboksi ghalani usiku na kulala mchana, na Mama hakutaka nishinde nikizurura kwenye maegesho ya magari, kwa hiyo alinichukua kazini kwake. Sheria haikuruhusu. Lakini Dada Wambui, nesi Mkenya aliyemtafutia Mama kazi ile na aliyekuwa msimamizi wake, alijifanya hajui, maana Kiingereza cha Mama wakati huo kilikuwa mimi. Mzee akitaka maji, mimi ndiye niliyesema ni maji. Akiumwa mguu, mimi ndiye niliyeuliza ni upi. Mengine yote yalikuwa ya Mama: kumwogesha, kumlisha kwa kijiko, kumbadilisha nepi, kumgeuza ili ngozi isichubuke. Alimhudumia kama baba mkwe, na alimwita Muzee kwa heshima ileile.

Mzee Dale alikuwa ametumia maisha yake kwenye mabomba ya mafuta, na mshahara wake wa ujana aliununulia sarafu za Warumi. Zilikaa kwenye chumba cha vitabu, nyuma ya nyumba, katika droo nyembamba zilizotandikwa kitambaa cha mahameli chenye vishimo, kila sarafu na kishimo chake. Zilikuwa ndogo, zinaenea juu ya ncha ya kidole gumba, na kila moja ilikuwa na kichwa cha mtawala kikitazama pembeni kana kwamba kimesikia harufu mbaya. Nero alikuwa na shingo nene iliyojaa hadi kidevuni. Vespasiano alikuwa na upara na mikunjo, mtu ambaye ungemkuta buchani amefunga aproni. Sikuwapenda hata kidogo. Watu wazima walikuwa wakiniambia ni ajabu kushika kitu kilichoshikwa na watu wa zamani zile, nami nilichowaza ni vidole vyote hivyo, jasho lote hilo, halafu mwishoni mate ya Mzee Dale. Kwa sababu akili ilikuwa imemtoka. Jina la mwanawe wa pekee hakulikumbuka, lakini majina ya makaisari aliyataja kwa mpangilio bila kukosea, na kila asubuhi alijikokota na kigari chake cha kutembelea hadi kwenye zile droo, akachagua mmoja, akamtia shavuni. Alisema wanahitaji joto. Mama alijaribu kumpa peremende badala yake, naye akafyonza vyote viwili pamoja.

Siku moja Mama aliniambia nimuulize ni yupi alikuwa Kaisari siku za Yesu. Mzee alituliza macho, akatutazama kama mtu mzima kabisa, akaingiza vidole mdomoni na kumtoa Tiberio, ameloa, uzi wa mate ukining'inia toka mdomoni hadi kwenye kidole. Akamnyoshea Mama. Mama akapiga goti kidogo, akaunganisha viganja vyake viwili, akapokea uchafu ule kama anapokea mtoto mchanga. "Aksanti, Muzee," akasema, akautia mfukoni mwa sare yake. Mzee akacheka kwa furaha. Baadaye, alipokuwa amesinzia, Mama aliiosha sarafu jikoni kwa maji ya moto, akaikausha, akaenda kuirudisha kwenye kishimo chake kule chumba cha vitabu.

Nilimuuliza kwa nini hakukataa tu. Alinishangaa. Alinieleza kwamba kukataa kitu cha mzee ni kumwambia ameshakufa na bado yumo nyumbani mwake, na kumrudishia mbele ya macho yake ni kumwaibisha. Kwa hiyo unapokea, unashukuru, unasubiri asikuone, unarudisha. Babu yake mwenyewe, alipoanza kuchanganyikiwa, alikuwa akigawa jembe lake moja kwa kila mjukuu aliyempitia, na kila jioni jembe lilikuwa limeshaegeshwa ukutani kwake, wala hakuna aliyesema lolote. Watoto wote wa ukoo walijua. Basi Mzee Dale akaja kupenda mchezo ule, na kila alipomaliza kufyonza alimpa Mama kaisari, na kila mara Mama alipiga goti, akapokea, akatia mfukoni. Mimi nilikaa upande wa pili wa sebule nikiangalia katuni, nimegeuza shingo nisione.

Kulikuwa na jicho jingine lililoona. Mwanawe, Todd, aliishi upande wa Dallas, na alikuwa ameficha kamera ndani ya saa ya sebuleni bila kutuambia. Kule chumba cha vitabu hakukuwa na kamera. Kwa hiyo kwenye simu yake, alipotazama wakati wa chakula chake cha mchana huko kwao, alimwona mwanamke Mwafrika akiinama mbele ya babake aliyepotewa na akili, akipokea fedha ya Kirumi, akiitia mfukoni, siku baada ya siku. Ilivyorudishwa hakuona. Ukiniuliza leo, nitakubali kwamba hata mimi ningeona wizi. Ila mimi ningeuliza kwanza.

Todd hakuuliza. Aliendesha gari toka Dallas asubuhi moja, akaingia bila kugonga, akampita babake kama meza, akaenda moja kwa moja kwenye droo. Na kweli, kishimo kimoja kilikuwa kitupu. Tiberio hakuwapo. Akarudi sebuleni, akatukalisha mimi na Mama kwenye kochi, akatoa simu na kutuonyesha zile picha moja baada ya nyingine huku akitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonikera kuliko yote, maana lilikuwa la mtu mwema. Alisema hataki makuu. Alisema sarafu ikirudi hatapiga simu polisi. Kisha akanigeukia mimi, mtoto, akaniambia nimweleze mama yangu.

Msomaji ambaye hajawahi kuwa ulimi wa mzazi wake hawezi kujua ladha ya jambo lile. Nilitakiwa nimwambie Mama, kwa lugha aliyonifundisha yeye, kwamba ni mwizi. Nilitafuta njia ya pembeni, sikuipata. Mama alikuwa akinitazama mdomoni akisubiri.

"Anasema nini, Esta?"

"Anasema umechukua ile ya Kaisari."

Halafu akaongea polepole, ili nisikose neno. "Muambie mimi sikuiba kitu. Muzee akikupatia kitu, unapokea na mikono mbili. Kisha unarudisha wakati hakuoni, juu asisikie haya. Muambie vile, yote."

Nikamwambia, yote. Todd alitoa pumzi puani, karibu acheke. Aliniuliza, kwa upole uleule, ni mtu gani hutia mfukoni kitu anachokusudia kukirudisha. Nilijua jibu, nililijua vizuri sana, nami nilipolisema kwa Kiingereza nililisikia likigeuka kuwa uongo wa kitoto mdomoni mwangu. Akaomba kuona mkoba wa Mama. Mama akaufungua mwenyewe na kumwaga vitu mezani: kitambaa cha kichwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, chupi ya akiba aliyonibebea mimi, na bakuli la dagaa tuliokusudia kula mchana. Todd alikunja pua. Akachukua kalamu toka mfukoni mwa shati, akafunua bakuli, akawapekua dagaa wetu kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, akitafuta Kaisari chini yao. Kisha akaifuta kalamu kwa karatasi ya chooni na kuitupa karatasi. Nimewahi kuchukiwa mara nyingi tangu siku hiyo na nikasahau. Kalamu ile sijaisahau. Dagaa wale hatukuwala. Mama aliwamwaga kwenye pipa la nje, naye si mtu wa kumwaga chakula.

Jambo lililokuwa hatarini nililijua hata katika umri ule, maana nyumbani lilizungumzwa kila wiki. Tulikuwa tukisubiri karatasi za ukaazi. Jina la Mama likiingia polisi kwa wizi, karatasi zingeweza kukwama, na cheti chake cha kuhudumia wagonjwa, alichokipata kwa kusoma maneno ambayo hakuyaelewa mpaka akayaelewa, kingechanwa. Tena kulikuwa na jina lenyewe. Gulfton ni ndogo kwa watu wetu. Kanisani wangejua kabla ya Jumapili. Mama alimpigia simu Dada Wambui akiwa amesimama kwenye njia ya magari juani, na sauti ya Wambui niliisikia toka pale nilipokuwa.

"Mama Esta, skiza. Usi-sign kitu yoyote, sawa? Na usimwambie sorry, ukisema sorry wata-assume ni wewe. Nakuja."

Wakati wa kumsubiri, Mama alirudi ndani akafanya alichokuwa akifanya siku zote: akampa Mzee uji. Mzee akasukuma kijiko. Alikuwa amekisukuma jana yake pia, akishika tumbo. Mama akaweka bakuli chini, akamtazama mashavu yote mawili, akamfungua mdomo, akaangalia chini ya ulimi. Akageuka akaniambia nimwambie Todd kwamba Kaisari yumo ndani ya babake.

Dada Wambui alipofika alitaka Mzee apelekwe akapigwe picha ya tumbo mara moja. Ugomvi wake na Todd ulikuwa wa Kiingereza kitupu na wa kasi, na sikumtafsiria Mama wote. Todd aliogopa hospitali itauliza nani alikuwa zamu. Alipoona hilo linamgusa na yeye, aliyemtazama babake kwenye kamera akifyonza sarafu siku zote bila kumzuia, akasema basi tusubiri tuone. Daktari wa Mzee alipigiwa, akasema kitu kidogo na laini namna ile kitapita chenyewe, watu wamwangalie, na maumivu yakizidi wamlete mbio. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba Mama ataendelea na kazi, na kila nepi itafunguliwa mbele ya Todd. Hakuna aliyemuuliza Mama kama anakubali. Mimi nilimuuliza njiani, ndani ya basi, naye akanijibu kwamba ameshafua nepi za watu wengi na hakuna iliyowahi kumwita mwizi.

Sitaremba. Mama alivaa glavu, akachukua chujio kuukuu la jikoni, akafungua nepi ya Mzee Dale juu ya sinki la kufulia, akafungulia maji, akapekua kwa vidole. Harufu ilijaa chumba kizima na kutoka hadi ukumbini. Todd, aliyetaka kuwa shahidi, alisimama mlangoni na shati limevutwa juu ya pua, macho yake yako ukutani. Shahidi gani anashuhudia ukuta? Mimi niliambiwa nikae sebuleni na Mzee, lakini nilichungulia, na nilichokiona ni mgongo wa mama yangu umeinama, viwiko vyake vinakwenda, na mwanamume mzima nyuma yake anaziba pua. Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Iliyofuata pia. Usiku Mama alioga mpaka maji ya moto yakaisha kwenye tangi, na Baba, aliyekuwa anajiandaa kwenda ghalani, alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvaa viatu, akisema mara kwa mara kwamba yeye ndiye angepaswa kwenda kuongea na mtu yule, lakini hakwenda.

Kaisari alitoka siku iliyofuata. Nilisikia mlio mdogo wa kitu kikigonga chujio, na Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hapa." Tiberio, mwenye shada la majani kichwani, bwana wa dunia nzima ya wakati wake, alikuwa amelala kwenye waya za chujio katika hali ambayo sitaieleza. Mama alimwosha kwa sabuni ya vyombo, akamrudia tena, akamkausha, akamweka kiganjani mwa kulia, na mkono wa kushoto akaushikisha kwenye kiwiko, kama tunavyofanya tukimpa mtu kitu kwa heshima. Akamnyoshea Todd.

Todd alifungua kifuko cha plastiki akakishika kwa ncha za vidole, ili Mama aiangushe ndani. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akauliza kama asidi ya tumbo inaweza kuwa imeiharibu. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. La pili lilikuwa kwamba amefurahi mambo yamekwisha vizuri kwa kila mmoja. La tatu aliniomba nimtafsirie Mama: anaweza kuendelea na kazi, ila kuanzia leo asipokee kitu chochote toka mkononi mwa babake, na mikono yake ionekane kwenye kamera wakati wote. Nilisubiri neno moja zaidi. Nilisimama pale nikimtazama mdomoni, kama Mama alivyonitazama mimi, na neno halikuja. Dada Wambui husema hadi leo kwamba yule bwana aliumia tu, kwamba babake alimpa mgeni kitu ambacho yeye aliahidiwa tangu utotoni na hata jina lake halikumbuki. Yawezekana. Mimi sina nafasi ya huruma hiyo, na siitafuti.

Jumatatu tulirudi. Watu huniuliza kwa nini Mama alirudi, na wanaouliza ni watu ambao hawajawahi kulipa kodi ya nyumba Gulfton. Droo zilikuwa zimefungwa kwa kufuli, lakini Mzee Dale alikuwa amebaki na mmoja, sijui alimficha wapi, Vespasiano yule mwenye sura ya buchani. Alimfyonza asubuhi nzima. Kisha akamtoa, ameloa, akamnyoshea Mama na kucheka tayari, akisubiri lile goti. Mama aliitazama saa ile yenye kamera. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"No, sir," akasema. Hayo aliyajua mwenyewe.

Mzee hakuelewa. Akasogeza mkono karibu zaidi. Akasema chukua, mpenzi, ni nzuri, ni fedha safi. Mama akabaki amesimama, na mkono wa Mzee ukabaki hewani, mate yakidondoka kwenye zulia, mpaka ukachoka na kushuka wenyewe pajani. Midomo ikaanza kumcheza. Akamwomba Mama msamaha, alidhani amemkosea. Mimi ambaye nilikuwa nimezionea kinyaa sarafu zile kiangazi chote, ningeipokea ile kwa viganja vyangu vyote viwili siku ile, na nilimtazama Mama nikimwomba kwa macho, naye akatikisa kichwa. Tulikuwa ndani ya basi, tumekaribia nyumbani. "Leo nimetukana muzee," akasema, akageukia dirishani.

Mzee Dale alifariki kabla ya mwaka kwisha na sarafu, nilisikia, zikauzwa zote. Karatasi zetu zilitoka. Mama amezeeka vizuri, yuko nami hapa DeSoto, karibu na Dallas, na kisa hiki hataki kisimuliwe. Akisikia nimekiandika atanuna wiki nzima. Mimi ni nesi, na siku za Jumamosi nafundisha wanawake wanaotoka kambini kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chao bado ni watoto wao. Ninawafundisha kugeuza mgonjwa, kupima presha, kuosha meno ya bandia. Zamani mwanamke aliyelelewa vizuri alijulikana kwa namna anavyopokea. Mimi leo nalipwa kulifuta hilo ndani yao. Ninawaambia: mgonjwa akikupa kitu, usipokee, hata peremende, weka mikono mahali inapoonekana, sema no, rudi nyuma hatua. Ninawafanyisha mazoezi. Ninajifanya bibi kizee, ninakaa kitini, ninawanyoshea kalamu au ufunguo, nao wanatakiwa wakatae mbele ya wenzao. Mwezi uliopita binti mmoja, mgeni kabisa, hakuweza. Kila nikimnyoshea alipiga goti na viganja vikaungana vyenyewe, wenzake wakacheka. Nikamrudisha nyuma mara kwa mara, nikapandisha sauti. Mwishowe akaweka mikono nyuma ya mgongo, akaangalia chini.

"Na kama ni mutu muzee kabisa, Dada?" akauliza. "Na kama atalia?"

"Hata kama atalia," nikamjibu.

Akainua macho akanitazama. Niliitambua sura ile, maana nilikuwa nayo kiangazi chote kule Stafford: alikuwa ananionea kinyaa.